Askofu Hannington na Wale Waliobeba Mizigo

Wewe unayevuka mpaka kuja kwenye mkutano wetu, umkumbuke James Hannington, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Afrika ya Ikweta ya Mashariki.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1847. Akiwa na miaka 15 aliacha shule, akafanya kazi kwa baba yake. Baadaye akawa mchungaji. Mwaka 1882 alikuja huku, lakini homa na kuhara damu vikamrudisha kwao. Wengi wetu tungeishia hapo. Yeye alipona, akawekwa wakfu mwaka 1884, akarudi.

Julai 1885 alitoka pwani, akapita nchi ya Wamasai kwenda Buganda. Kumbe Kabaka Mwanga aliwaogopa wageni wa kutoka mashariki, eti watamnyang'anya nchi. Askofu akakamatwa Busoga, akauawa tarehe 29 Oktoba. Joseph Mukasa, mtumishi wa ikulu, alimkemea mfalme kwa damu ile. Naye akauawa Novemba.

Sisi wa Rumonge tunazijua habari kama hizi. Hapa kwetu wamisionari watatu Wakatoliki waliuawa Mei 1881.

Lakini angalia vizuri, mpendwa. Pamoja na askofu waliuawa wapagazi wapata 50. Mifupa yake ilizikwa Namirembe mwaka 1892. Wapagazi je, nani anawataja? Basi katika sikukuu hii, usiwasahau wanaopika, wanaobeba vyombo, wanaofagia kanisa. Mungu anawajua kwa majina. Amina.