Jacobson, daktari wa pua ya pili

Ushawahi kuona beberu akinusa mkojo wa mbuzi jike, halafu anainua kichwa na kukunja mdomo wa juu ni kama anacheka? Hachekeshwi na kitu. Ana pua ya pili ndani ya pua, na pale ndo anaitumia. Nyoka naye akichezesha ulimi, anapeleka harufu huko huko.

Mtu aliyetueleza kiungo hicho vizuri ni Ludwig Jacobson, kijana wa Kiyahudi aliyezaliwa Copenhagen, Denmark, mwaka 1783. Alisomea udaktari wa upasuaji. Mwaka 1807 Waingereza wakapiga mji wake mabomu, naye akawa anatibu majeruhi. Ebu fikiria, hapo ana miaka 24 tu!

Miaka minne baadaye, 1811, alikuwa amepasua pua za wanyama wengi na kupata vijimfereji viwili kando ya ukuta wa katikati ya pua, vikiwa na neva zake. Wataalamu wa Paris, akiwemo Cuvier mwenyewe, wakampa heko. Kwa binadamu aliona kiungo hicho ni hafifu sana.

Sasa angalia vile mambo yalienda nyumbani. Kiti cha kufundisha chuo kikuu hakupata, kwa sababu alikuwa Myahudi na alikataa kubadili dini awe Mlutheri. Angeweza kubatizwa Jumapili na kuripoti kazini Jumatatu. Alikataa! Mimi chuo niliacha mwenyewe, kwa hivyo sitajifanya najua uchungu wa kufungiwa mlango ukiwa na akili zote hizo. Aliendelea tu na kazi, akabuni hata kifaa cha kuvunja mawe ya kibofu bila kumpasua mgonjwa. Alifariki 1843, akiwa na miaka 60.

Na yako je? Ulikuwa nayo. Mwaka 1877 Albert Kölliker alieleza kiungo cha Jacobson kwa binadamu. Ukiwa tumboni, karibu wiki ya 5, ngozi pande mbili za uso ilinenepa ikaanza kuwa pua. Karibu wiki ya 7 au ya 8, vijimfereji vya Jacobson vikatokea. Kwa njia hiyo ya neva, seli fulani zikatoka puani zikasafiri hadi kwenye ubongo. Hizo ndizo zilikuja kuamsha homoni za kubalehe. Zikikwama njiani, mtu anaweza kuzaliwa bila uwezo wa kunusa, na akifika umri wa ujana mwili haubadiliki bila dawa za homoni. Madaktari huita hali hiyo Kallmann.

Zikishapita, neva za kiungo hicho hufifia. Watu wazima wengi hubaki na kijitundu tu puani, na hakuna neva iliyoonekana ikikiunganisha na ubongo. Kwa hivyo ukiuziwa manukato eti yana homoni ya kuvuta warembo, buda, weka pesa yako mfukoni.