Dk Albert Coons, aliyezitia nuru kingamwili

Mwaka 1939 daktari kijana wa Marekani, Albert Coons, aliyezaliwa 1912, alikuwa ziarani Berlin akiwaza kuhusu homa ya baridi yabisi. Kama ujuavyo, homa hii huanza na koo lililoshambuliwa na bakteria, kisha huweza kuharibu valvu za moyo wa mtoto. Coons alijiuliza kama mabaki ya bakteria hao yamo ndani ya moyo. Hadubini ya wakati huo haikuweza kumwonyesha.

Aliporudi Harvard, yeye na wenzake waliunganisha rangi inayong'aa na kingamwili, askari wa mwili ambao kila mmoja hutambua adui wake. Mwaka 1942 walionyesha mabaki ya bakteria wa nimonia yaking'aa ndani ya tishu. Coons alifariki 1978.

Leo njia yake hutumika maabara kuthibitisha kichaa cha mbwa. Watafiti nao huitumia kutambua seli za ubongo zinazotengeneza asetilikolini, kemikali inayosaidia kumbukumbu. Seli hizo hupungua kwa wagonjwa wa Alzheimer.

Wewe mzazi, mtoto akilalamika koo na kupata homa, mpeleke apimwe mapema. Akiandikiwa dawa, hakikisha anamaliza dozi.