Ferruccio Lamborghini: fundi wa trakta aliyekataa kufungiwa mlango wa garaji

BUNIA – Mtu akitaka kufanya vidanje hapa Bunia, hana safari ndefu. Garaji ziko kando ya barabara, nyingine ni kipande cha uwanja na kivuli cha mti tu. Fundi anaingia chini ya gari, analegeza kifuniko cha kumwagia, mafuta meusi yanatiririka ndani ya bido lililokatwa. Mwenye gari anasimama pale pale, mikono kiunoni. Anataka bido la mafuta mapya lifunguliwe mbele ya macho yake, maana anajua kuna yanayochanganywa. Anataka kuona filta ya zamani ikitoka. Simu ikilia, anajibu bila kugeuza uso.

Mwenye gari la kifahari huko Ulaya anaishi namna nyingine. Anaacha ufunguo kwa wakala wa kiwanda, anaambiwa arudi kesho, analipa fakture kubwa, anapigiwa muhuri katika kitabu cha gari. Yeye mwenyewe hakuona kitu. Wako wanaoridhika, kwa sababu muhuri ule unalinda bei ya gari siku ya kuliuza. Wako pia wanaonunua mafuta na filta, wanainua gari nyumbani na kufanya kazi kwa mikono yao. Ubishi kati ya pande hizo mbili ni wa zamani, na jina moja kubwa la magari ya mbio lilitokea humo.

Ferruccio Lamborghini alizaliwa tarehe 28 Aprili 1916 huko Renazzo, kijiji cha Cento, kaskazini mwa Italia. Wazazi wake walikuwa wakulima wa mizabibu. Kijana huyo alipenda chuma kuliko udongo, akaenda kujifunza ufundi upande wa Bologna.

Vita vilipoingia Italia mwaka 1940, alichukuliwa katika jeshi la anga na kupelekwa kisiwa cha Rhodes, katika Bahari ya Mediterania. Hakupewa ndege. Alipewa magari ya jeshi ayatunze. Kisiwani piesi zilifika kwa shida, kwa hiyo fundi alipaswa kufufua lori moja kwa viungo vya lori lingine. Watu wa huku kwetu waliowahi kungoja piesi itoke Kampala wakati barabara imefungwa wanaelewa shule ya namna hiyo. Mwaka 1945 Waingereza walichukua kisiwa, Lamborghini akawa mfungwa wao, akiendelea kuwatengenezea magari hadi aliporudi nyumbani mwaka 1946.

Furaha ya kurudi haikudumu. Mwaka 1947 mke wake, Clelia Monti, alifariki akijifungua mtoto wao wa kiume, Tonino. Ferruccio alibaki na mtoto mchanga na garaji ndogo.

Wakulima wa jirani walihitaji trakta na hawakuwa na pesa. Wakati huohuo nchi ilijaa magari ya kijeshi yaliyoachwa na vita. Lamborghini alinunua mabaki hayo, akachukua mota za Morris za silinda 6, akaunganisha na viungo vya magari mengine, trakta ikatoka. Petroli ilikuwa ghali mno kwa mkulima, naye akatengeneza kifaa cha kuwezesha mota kuwaka kwa petroli, kisha kuendelea na mafuta ya bei nafuu. Mwaka 1948 alianzisha kiwanda, Lamborghini Trattori. Miaka michache baadaye kilikuwa miongoni mwa vikubwa vya zana za kilimo nchini Italia, na baadaye akaongeza biashara ya mitambo ya kupasha nyumba joto.

Mwaka huohuo wa 1948 alijaribu pia kuwa dereva wa mashindano. Alichukua kigari kidogo cha Fiat Topolino, akaongeza nguvu ya mota yake mwenyewe, akaingia katika mbio ndefu za Mille Miglia. Alimaliza safari ndani ya ukuta wa mkahawa mmoja karibu na Torino. Baada ya hapo hakuwa tena na hamu ya kushindana, na hata alipokuwa na kiwanda cha magari yake hakupenda kukiingiza katika mbio.

Pesa zilipokuja, alinunua magari. Alikuwa na Alfa Romeo, Lancia, Mercedes, Jaguar, Maserati. Mwishoni mwa miaka ya 1950 akaanza kununua Ferrari, na hapo ndipo penye kisa chetu.

Ferrari zake zilikuwa na mbio nzuri, lakini ambreyaji, ile wengine huita klachi, iliungua mara kwa mara. Kila mara ilibidi gari lirudi Maranello, kwenye kiwanda cha Enzo Ferrari. Mafundi walilichukua, wakaliingiza ndani, na mteja akabaki nje akingoja saa nyingi. Hakuruhusiwa kutazama wanachofanya. Mtu aliyejenga maisha yake kwa kufungua mota za watu alikuwa anafungiwa mlango juu ya gari alilolilipia mwenyewe. Gari lilirudi na fakture nene, na ugonjwa ukarudi nyuma yake.

Siku moja akaamua kulifungua katika kiwanda chake cha trakta. Kwa maelezo yake, kilichokuwa ndani hakikuwa kigeni kwake: ambreyaji ya gari lile la kifahari ilitoka kwa mtengenezaji yuleyule aliyemuuzia piesi za trakta, na kwa trakta alilipa sehemu ndogo tu ya bei ile. Aliweka nyingine kubwa zaidi, na tatizo likaisha. Kisha akamwendea Enzo Ferrari mwenyewe kumweleza. Ferrari, mtu mwenye kiburi cha fundi mkubwa, alimjibu kwamba shida haiko kwenye gari bali kwa dereva, ambaye anajua kuendesha trakta tu.

Hapa msomaji awe mwangalifu kidogo. Kisa hiki kilisimuliwa zaidi na Lamborghini, tena akiwa tayari tajiri na mashuhuri, na mtu anaposimulia ugomvi wake, chumvi huongezeka. Ferrari naye hakuwa bila hoja, kwani mguu mzito unaua ambreyaji yoyote, iwe Maranello au Bunia. Lakini hata tukipunguza nusu ya habari, mlango uliofungwa unabaki.

Mwaka 1963 alianzisha kampuni ya magari, akajenga kiwanda kipya Sant'Agata Bolognese, si mbali na Maranello. Aliajiri vijana: Giotto Bizzarrini kwa mota ya silinda 12, Gian Paolo Dallara na Paolo Stanzani kwa mengine, na Bob Wallace kutoka New Zealand kuyajaribu barabarani. Gari la kwanza kuuzwa, 350 GT, lilitoka mwaka 1964. Nembo ilikuwa fahali, kwa kuwa nyota yake ya kuzaliwa ilikuwa ya Fahali.

Wakati huohuo, huku kwetu Afrika Mashariki, swali la nani atunze gari lilikuwa linajibiwa kwa vumbi. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho nchini Kenya, alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa dereva. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, mbele ya timu zilizoletwa na viwanda. Mwaka 1974 alishinda tena, kwa Mitsubishi Lancer, na Porsche 911 ya Björn Waldegård ikawa ya pili.

Turudi Italia, maana sehemu inayowahusu watu wa vidanje inaanza mwaka 1966. Mwezi wa tatu, katika maonyesho ya Geneva, Lamborghini alionyesha Miura, gari ambalo wengi bado wanaliona kuwa zuri kuliko yote yaliyotengenezwa wakati ule. Vijana wake walikuwa wameanza kulichora usiku, baada ya saa za kazi. Ili gari lisirefuke, waliilaza mota kwa upana nyuma ya dereva na kuiunganisha na giaboksi katika chuma kimoja, kama ilivyokuwa katika Mini, kigari kidogo cha Waingereza. Kwa hiyo mota na giaboksi vilitumia mafuta yaleyale.

Fundi yeyote wa kando ya barabara angeshika kichwa. Meno ya giaboksi yanataka mafuta ya kuvumilia msuguano wa chuma kwa chuma. Mota inataka mafuta ya kuvumilia moto na kubeba masizi. Tena dereva akikosea gia na jino likakatika kidogo, kile kipande cha chuma kinaogelea mpaka ndani ya mota ya silinda 12. Kwa Miura, kuchelewesha vidanje kulimaanisha kuhatarisha vitu viwili kwa mara moja, na kutazama kilichomo ndani ya mafuta ya zamani kulikuwa na maana kama daktari kutazama damu ya mgonjwa. Kiwanda kilielewa kosa hilo, na katika magari ya mwisho ya aina ya SV, iliyotoka mwaka 1971, mafuta ya mota na ya giaboksi yalitenganishwa.

Kwa hiyo mtu aliyekasirika kwa sababu kiwanda cha mwenzake hakikutaka kusikia kasoro, naye aliuza gari zuri lenye kasoro. Tofauti ni kwamba ilirekebishwa, ingawa wanunuzi wa kwanza walingoja miaka.

Mambo yalianza kuharibika upande wa trakta. Agizo kubwa kutoka Bolivia lilivunjika baada ya serikali ya nchi hiyo kupinduliwa, na pesa zikakosekana. Mwaka 1972 Lamborghini aliuza asilimia 51 ya kampuni ya magari kwa Georges-Henri Rossetti, raia wa Uswisi. Mwaka 1973 kiwanda cha trakta kilichukuliwa na kampuni ya SAME. Mwaka 1974 aliuza sehemu yake ya mwisho ya magari kwa René Leimer, akatoka kabisa.

Magari yenye jina lake leo ni ya kundi la Volkswagen, kupitia Audi, iliyoyanunua mwaka 1998. Kuyafanyia vidanje nyumbani si mchezo: ya silinda 12 yanakunywa mafuta zaidi ya maradufu ya Toyota ya kawaida, na kabla ya kufika kwenye matundu ya kumwagia, ambayo si moja, fundi anafungua kwanza mabamba ya chini ya gari. Ndiyo maana wengi wanakubali kuacha ufunguo kwa wakala na kwenda zao.

Lamborghini mwenyewe alihamia Panicarola, mkoa wa Umbria, karibu na ziwa Trasimeno, akapanda mizabibu kama wazazi wake na kutengeneza mvinyo. Alifariki Perugia tarehe 20 Februari 1993, akiwa na miaka 76, siku chache baada ya kushikwa na ugonjwa wa moyo.  Trakta zenye jina lake bado zinatengenezwa na kuuzwa.