Kapteni Joubert, askari wa majeshi ya wengine

Léopold Joubert alizaliwa Ufaransa mwaka 1842, lakini jeshi alilojiunga nalo lilikuwa la Papa. Mwaka 1860 alijeruhiwa vitani Castelfidardo, Italia. Roma ilipotekwa mwaka 1870, jeshi hilo likavunjwa. Miaka kumi baadaye alianza safari ya kuja Tanganyika kuwalinda Mapadre Weupe. Hatari ilikuwa ya kweli: mwaka 1881, kule Rumonge, ng'ambo ya ziwa letu sisi watu wa Uvira na Fizi, waliuawa mapadre wawili pamoja na Mbelgiji D'Hoop, naye askari wa zamani wa Papa.

Kuanzia 1887 Joubert aliishi Mpala, kisha Mrumbi, upande wa kusini. Alimwoa Agnes Atakaye, akawafundisha vijana wa huko kutumia bunduki, akapigana na watu wa Rumaliza waliokamata watumwa. Alifariki 1927 bila kurudi tena kwao.

Kanisa limemkumbuka, na ni haki. Ila mimi nawafikiria wale vijana. Nao walipigana chini ya bendera ya wageni, tena wakilinda vijiji vyao wenyewe. Nao walikuwa na majina. Ukumbusho unaomtaja kapteni peke yake haujamaliza kazi.