Padre Angelo Secchi na Kisahani Cheupe

Watu wawili wakichota maji katika kijito kimoja hapa Daudi, mmoja atasema kwamba maji ni safi, na wa pili atasema kwamba yamechafuka kidogo. Nani ana haki? Hatuwezi kuamua, maana neno safi halina kipimo. Taabu hiyo hiyo waliipata mabaharia wa zamani. Huyu alishusha sahani baharini, yule kitambaa chekundu, kila mtu kwa desturi yake. Nao walipoandika habari zao, ilikuwa vigumu kuzilinganisha.

Aliyelitengeneza jambo hilo alikuwa mtaalamu wa nyota, tena padre. Angelo Secchi alizaliwa mwezi wa Juni 1818 katika mji wa Reggio Emilia, nchi ya Italia. Mwaka 1833 akaingia shirika la Wajesuiti huko Roma, akajifunza hesabu na elimu ya maumbile. Mwaka 1848 palitokea machafuko, Wajesuiti wakafukuzwa mjini. Secchi akaenda Uingereza, kisha Marekani, akakaa Georgetown. Mwaka 1849 akarudi Roma, akakabidhiwa nyumba ya kutazamia nyota ya Chuo cha Roma.

Mwaka 1865 Alessandro Cialdi, mkuu wa merikebu za Papa, alimwomba amsaidie kupima uangavu wa maji ya bahari ya Mediteranea. Basi wakapanda merikebu ya moshi iliyoitwa Immacolata Concezione, wakatweka mbele ya bandari ya Civitavecchia. Padre Secchi hakuchukua kisahani kimoja tu. Alikuwa navyo vidogo na vikubwa, na kimoja upana wake ulipita mita 3. Tena vilikuwapo vyeupe na vya rangi nyingine. Alivishusha kwa kamba, akavitazama hata vikapotea machoni, akaandika urefu wa kamba. Kisha akaanza kuulizauliza. Je, kisahani kikubwa huonekana chini zaidi kuliko kidogo? Jua likiwa juu, au likikaribia kuchwa, hesabu hubadilika? Mawingu je? Kivuli cha merikebu je? Na macho ya mtazamaji yakiwa juu sana ya maji, itakuwaje? Kila neno alilijaribu peke yake. Mimi naona kwamba kazi yake hasa ni hiyo, wala si sahani, maana sahani hata mpishi anayo.

Baada yake watu wakazidi kupatana. Mwaka 1899 Mmarekani George Whipple alikigawa kisahani robo nne, nyeusi na nyeupe, nacho chenye upana wa sentimita 20 ndicho kitumikacho sana maziwani. Hushushwa mpaka kipotee, kisha huvutwa polepole mpaka kionekane tena, na katikati ya hesabu hizo mbili ndiyo kipimo. Kipimo hicho huitwa kina cha Secchi. Siku hizi wataalamu wanaotunza hesabu za bahari na anga katika kompyuta wana orodha ya majina yaliyokubaliwa, ili jambo moja lisiitwe kwa majina matatu. Na kina cha Secchi kimo humo.

Nyota nazo alizipanga kwa namna hiyo hiyo. Alipitisha nuru yao katika kioo cha kuigawanya, akazitia zaidi ya 4,000 katika mafungu machache. Hata mwaka 1870 majeshi ya Italia yalipotwaa Roma, na mwaka 1873 mali ya Wajesuiti ilipochukuliwa, yeye aliachwa katika nyumba yake ya nyota. Alifariki tarehe 26 Februari 1878.

Kisahani chake kimefika hata kwetu. Katika Ziwa Victoria, karibu na mwaka 1930, wapimaji walikiona mpaka mita 5 hivi, pengine zaidi. Katika miaka ya 1990, mahali pengi kilipotea kabla ya mita 2, kwa sababu mimea midogo ya majini ilikuwa imezidi mno, ikilishwa na mbolea na udongo unaochukuliwa na mito. Waliopima mara ya kwanza na waliopima mara ya pili hawakuwa watu wale wale, lakini hesabu zao zasomeka pamoja. Hasara iliwafikia furu, samaki wadogo ambao majike huchagua madume kwa rangi zao. Katika maji yenye giza hawakuweza kutambuana vema, na mahali pengine aina zao zikachanganyika hata zikapungua.