Édouard Empain: mutu wa metro ya Paris ambaye reli yake haikufika Masisi na Walikale

Kila siku, wachimba madini wa Rubaya, katika wilaya ya Masisi, wanashuka chini ya udongo na tochi kwenye kichwa, kutafuta koltani. Katika wilaya jirani ya Walikale, kasiterite ya Bisie ilitoka porini kwa miaka mingi juu ya migongo ya vijana, kila mumoja na muzigo wa kilo 50 hivi. Hakuna reli iliyofika katika wilaya hizo mbili hata leo. Lakini zaidi ya miaka 120 iliyopita, Mubeleji aliyekuwa na kampuni ya reli mashariki mwa Kongo ndiye pia aliyekuwa na kampuni ya treni za chini ya udongo katika muji wa Paris. Jina lake lilikuwa Édouard Empain.

Empain alizaliwa tarehe 20 mwezi wa 9, mwaka wa 1852, huko Belœil, katika jimbo la Hainaut, inchini Ubeleji. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, na jamaa yao haikuwa na mali nyingi. Kijana huyo alianza kazi kama muchoraji wa mapango katika kampuni ya vyuma. Kisha aliona kwamba miji midogo na vijiji vilikosa njia ya kusafirisha watu na mizigo, akaanza kujenga reli ndogo na tramu, kwanza Ubeleji, kisha Ufaransa na kwingineko. Mwaka wa 1881 akaanzisha benki yake mwenyewe. Mwaka wa 1904 akaongeza ACEC, kiwanda cha vyombo vya umeme huko Charleroi. Hivyo alikopesha feza, akajenga njia, akauza mashine na kuchukua faida ya tiketi.

Kazi iliyomupa jina kubwa ni metro ya Paris. Muji huo ulijaa magari ya farasi, na mwaka wa 1900 ulipaswa kupokea wageni wa maonyesho makubwa ya dunia. Wakubwa wa muji walifanya mukataba wa uangalifu. Muji wenyewe ungechimba njia na kujenga gare chini ya udongo, chini ya uongozi wa injinia Fulgence Bienvenüe, mutu aliyepoteza mukono wa kushoto katika kazi za reli. Kampuni ya Empain ingetandika reli, ingeleta umeme na treni, ingejenga milango ya kuingilia, na ingefanya biashara hiyo kwa miaka 35. Bei ya tiketi iliandikwa ndani ya mukataba: santimu 15 kwa daraja la pili na 25 kwa daraja la kwanza. Wafanyakazi waliosafiri asubuhi mapema walipewa bei nafuu ya kwenda na kurudi.

Mustari wa kwanza ulifunguliwa tarehe 19 mwezi wa 7, mwaka wa 1900, kutoka Porte de Vincennes hadi Porte Maillot, karibu kilometa 10. Njia ilifuata barabara za juu, ili isipite chini ya nyumba za watu. Gare nyingi zilijengwa kwa namna moja: reli mbili katikati, na pembeni majukwaa mawili yenye urefu wa metre 75. Juu yake kuna dari la mawe lililopindwa kama nusu ya yai, kwa sababu umbo hilo linabeba vizuri uzito wa barabara. Pahali ambapo barabara ilikuwa karibu sana, dari la kupindwa halikuweza kuenea, basi waliweka mihimili ya chuma na dari la bapa. Kuta zilifunikwa kwa vigae vyeupe vya kungaa. Haikuwa urembo tu: taa za umeme za wakati ule zilikuwa zafifu, na vigae hivyo vilirudisha mwangaza kwa abiria.

Kwa milango ya kuingilia, kampuni ilimuita Hector Guimard, muchoraji wa majengo aliyekuwa amevutiwa na nyumba za Victor Horta huko Brussels. Guimard alitumia chuma cha kumiminwa katika kalibu na kukipaka rangi ya kijani, kikafanana na shina za majani zinazotoka kwenye udongo. Kwa kuwa vipande vilitoka katika kalibu moja, milango mingi iliweza kujengwa haraka. Wakaaji wengi wa Paris hawakuipenda. Leo ile inayobaki inalindwa kama urithi wa taifa.

Metro hiyo ilikuwa na siku yake ya giza. Tarehe 10 mwezi wa 8, mwaka wa 1903, treni iliwaka moto, na moshi ukajaa katika gare ya Couronnes. Taa zikazimika. Abiria wengi walikimbilia upande usiokuwa na mulango, na watu 84 wakafa. Muji mzima ulidai majibu. Kisha msiba huo, umeme wa taa ulitenganishwa na umeme wa treni, na alama zenye mwangaza zikawekwa kuonyesha njia ya kutokea.

Mwaka mumoja mbele ya msiba huo, mwaka wa 1902, Empain alikuwa amefanya mukataba mwingine, na Serkali Huru ya Kongo ya mufalme Leopold II. Kampuni mpya, CFL, ilipaswa kuunganisha muto Kongo na maziwa makubwa. Ilipewa pia ardhi kubwa na haki ya kutafuta madini. Wakongomani ndio walifanya kazi ya mikono. Reli ya kutoka Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, hadi Ponthierville, leo Ubundu, ilimalizika mwaka wa 1906. Kisha ikaja ile ya Kindu na Kongolo, na mwaka wa 1915 ile ya Kabalo hadi Albertville, leo Kalemie. Reli mbili za kwanza zilizunguka maporomoko ya Lualaba, ili mizigo ihamishwe kutoka mashua hadi treni na kufika baharini. Hakuna iliyogeuka kuelekea Walikale wala Masisi.

Lakini kampuni zenyewe zilifika. Mwaka wa 1923, kundi la Empain lilianzisha MGL, kampuni ya kuchimba madini katika Kivu. Mwaka wa 1928 ikaundwa CNKi, komite iliyogawia wazungu ardhi ya Kivu, na CFL ilikuwa na sehemu yake humo. Mwaka wa 1976, MGL na kampuni zingine za wakati wa ukoloni ziliunganishwa kuwa SOMINKI, iliyofanya kazi hadi Walikale. Ilipoanguka katika miaka ya 1990, madini yalibaki mikononi mwa wachimbaji wa mikono.

Empain aliitwa baroni mwaka wa 1907. Huko Misri alijenga muji mupya wa Heliopolis karibu na Cairo, wenye tramu yake na jumba lake mwenyewe lililofanana na hekalu la Wahindi. Alikufa tarehe 22 mwezi wa 7, mwaka wa 1929, na akazikwa Heliopolis, katika kanisa alilolijenga.

Mikataba yake miwili ilitiwa sahihi na mutu mumoja, lakini upande wa pili wa meza haukufanana. Kule Paris, baraza la muji lilikaa pale na kusema kwa jina la wakaaji: bei iwe hii, miaka iwe hii, na njia ibaki mali ya muji. Kwa Kongo, alikaa mufalme ambaye hakukanyaga hata siku moja udongo wa Kongo. Abiria wa Paris wanashuka leo chini ya vigae vyeupe, na alama ya kutokea inawaka mbele yao. Katika mashimo ya Rubaya, udongo unapoanguka, mutu anabaki na tochi yake tu.