George White, Mwalimu wa Kwaya Iliyoitwa Yubilei

Tunapoadhimisha yubilei ya kwaya yetu, tumeona vyema tumkumbuke mtu ambaye kwaya yake ililibeba jina la Yubilei hadi ng'ambo ya bahari. Huyo ni George Leonard White wa Chuo Kikuu cha Fisk, mjini Nashville, Marekani.

White alizaliwa mwaka wa 1838 katika jimbo la New York, mwana wa mhunzi. Hakusomea muziki chuoni. Alikuwa mwalimu wa shule, akapigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha akafika Nashville. Chuo cha Fisk kilifunguliwa mwaka wa 1866 ili kuwasomesha watu Weusi waliotoka utumwani. White akawa mweka hazina wake, na saa za ziada akawafundisha vijana kuimba.

Kufikia mwaka wa 1871 chuo kilikuwa na madeni mengi, na kilikaribia kufungwa. White alitaka kwaya izunguke majimbo ya Kaskazini ikichanga fedha. Shirika la wamisionari lililosimamia chuo lilikataa kuigharamia safari hiyo. Akachukua zilizosalia hazinani, akaongeza za kwake na za kukopa. Tarehe 6 Oktoba 1871 akaondoka na waimbaji tisa, wengi wao waliozaliwa utumwani. Mmoja wao alikuwa mpiga piano Ella Sheppard, ambaye baba yake alimkomboa kwa fedha akiwa mtoto.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Hoteli ziliwakataa kwa sababu ya rangi yao, na sadaka hazikutosha hata nauli. Hata hivyo, waliposikia kuwa mji wa Chicago umeteketea kwa moto, walitoa mapato ya tamasha lao, yasiyofika dola 50, kuwasaidia waliopoteza makao. Walipofika Columbus, jimbo la Ohio, wakiwa wamekata tamaa, White aliomba kisha akawapa jina: Jubilee Singers. Alikumbuka mwaka wa yubilei katika Mambo ya Walawi sura ya 25, mwaka wa kuwaachilia watumwa.

Mwanzoni waliimba zaidi nyimbo za Wazungu. Nyimbo za wazazi wao walizionea haya mbele ya wageni, tena waliziona ni takatifu. Polepole walikubali kuziimba. White aliwafundisha kuimba kwa sauti ya chini sana, kila mmoja akimsikiliza mwenzake, asisikike mmoja juu ya wengine. Huko Oberlin, mbele ya mkutano wa wachungaji, waliimba Steal Away, na tangu hapo milango ikaanza kufunguka. Mwaka wa 1872 waliimbia Rais Grant, na mwaka wa 1873 Malkia Victoria wa Uingereza. Fedha walizoleta zililipa madeni na kujenga Jubilee Hall, iliyozinduliwa tarehe 1 Januari 1876. Jengo hilo lingali limesimama.

Lakini tusifiche gharama. White aliwasukuma waimbaji kupita nguvu zao, na wengine waliugua. Yeye mwenyewe alidhoofika mapafu, na mke wake Laura alifariki huko Glasgow mwaka wa 1874 wakiwa safarini. Mwaka wa 1878 kundi lilivunjwa kwa uchovu. White na Ella Sheppard walilikusanya upya mwaka uliofuata. Alifariki mwaka wa 1895.

Kila tarehe 6 Oktoba Chuo cha Fisk huwakumbuka waimbaji wale wa kwanza. Nasi, tunapoimba nyimbo zao katika mashindano na ibada, tukumbuke zilitoka wapi. Wapendwa wanakwaya, tujifunze kwa White kusikilizana, na tujifunze pia kutunzana. Kwaya ni watu kwanza, kisha nyimbo.